UZI: Kufuatilia ukoo wa Virginia ya miaka ya 1600 kwa nyaraka za ardhi, kodi na mahakama (mfano: familia ya Anthony Johnson)

#1 Mzee wa Faili

Wadau, habari za leo. Wenye wakwe Marekani wanalijua tatizo hili. Mti wa ukoo unapanda vizuri mpaka sensa ya 1850, ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru ndani ya nyumba. Nyuma ya hapo sensa inaandika mkuu wa kaya tu, waliobaki ni tarakimu. Sensa ya kwanza ni ya 1790, na ya Virginia ya mwaka huo imepotea. Ukivuka kuingia enzi ya koloni hakuna cheti cha kuzaliwa wala cha kifo, na kwa upande wa kusini madaftari mengi ya ubatizo hayapo tena.

Kilichobaki ni karatasi za mali: ardhi, kodi, madeni, mirathi, mifugo. Karani wa mwaka 1650 hakuandika ili vitukuu wamjue babu yao, aliandika ili ijulikane nani anadaiwa nini. Undugu tunauchomoa humo humo.

Natumia familia moja: Anthony Johnson na mkewe Mary, Waafrika walioingia Virginia mwanzoni mwa miaka ya 1620, wakapata uhuru, wakamiliki shamba, na wanao na mjukuu wao wanaonekana kwenye nyaraka mpaka Maryland. Nyaraka zao zimechapishwa, yeyote anaweza kuzikagua, na karibu kila mtego wa kazi hii umo ndani yao.

Kabla ya kutafuta jina, tafuta historia ya mipaka. Rasi ya mashariki ya Virginia iliitwa Accomack ilipofanywa wilaya 1634. Mwaka 1643 ikabadilishwa jina kuwa Northampton. Mwaka 1663 ikagawanywa, upande wa kaskazini ukarudishiwa jina la Accomack. Kwa hiyo shamba moja lisilosogea hata hatua linaweza kuwa na karatasi chini ya majina mawili tofauti. Wanaotafuta "Accomack 1655" wanaambulia patupu na kudhani zimeungua, kumbe majalada ya mahakama ya Northampton yanaendelea bila kukatika tangu 1632, ya zamani kuliko ya kaunti yoyote Marekani.

Mtego wa pili: majalada ya mwanzo hayajatenganishwa. Amri za mahakama, wasia na hati za mauzo zimo kwenye jalada moja, na faharasa za mwanzo zinataja wahusika wakuu tu. Shahidi, jirani, mthamini wa mali hawamo. Ukishajua miaka unayoitaka, soma ukurasa kwa ukurasa.

#2 Binti Hesabu

Naweka kambi hapa. Mkuu, kabla hujaenda mbali, wafafanulie watu suala la tarehe. Kuna ombi la kodi la Anthony Johnson ambalo baadhi ya miti ya mtandaoni inaliweka Februari 1652 na mingine 1653. Lipi sahihi?

#3 Karani wa Zamu

Nalijibu mimi. Yote mawili, kutegemea unahesabu vipi. Mpaka 1752 Uingereza na makoloni yake walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Siku zote kuanzia 1 Januari mpaka 24 Machi zilihesabiwa ndani ya mwaka uliokuwa unaisha. Karani aliyeandika 28 Februari 1652 anamaanisha ile tunayoiita Februari 1653. Njia salama ni kuandika miaka miwili: 28 Februari 1652/53. Hukumu ya kesi ya John Casor, mtumishi aliyegombewa na Johnson na jirani yake, nayo ni 8 Machi 1654/55. Usibadilishe tarehe kimoyomoyo ukaandika mwaka mmoja tu, kwa sababu atakayekuja nyuma yako hatajua kama umeshabadilisha, ataongeza tena mwaka.

Pia kuna pengo la siku kati ya kalenda ya zamani na ya sasa: siku 10 kwa karne ya 17, siku 11 kuanzia 1700. Mwaka 1752 walilala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Kwa kazi ya ukoo pengo la siku liache kama lilivyo, la mwaka ndilo linalovunja miti. Ukiona mtoto "amezaliwa" Novemba 1688 na mdogo wake Februari 1688, hakuna ajabu: Februari hiyo ni ya 1689 yetu. Bado ni miezi mitatu tu, kwa hiyo ama si wa mama mmoja au kuna tarehe imesomwa vibaya, lakini angalau wa kwanza ni wa kwanza.

Wakweka (dhehebu la Kikristo, Quakers) walitaja miezi kwa namba. Kabla ya 1752 mwezi wa kwanza wao ni Machi, hivyo "mwezi wa 12" ni Februari.

#4 Mzee wa Faili

Asante Karani. Sasa tuliangalie ombi hilo kwa karibu, maana ndilo linaloshikilia mlolongo mzima.

Daftari la kuhesabu watu wa koloni la mwanzoni mwa 1625 (lenyewe limeandikwa 1624) lina "Antonio", Mwafrika aliyekuja na meli James 1621, na "Mary", Mwafrika aliyekuja na Margaret and John 1622, wote kwenye shamba la Bennett. Hawana jina la ukoo. Hakuna mstari unaosema ni mume na mke, wala kwamba huyo Antonio ndiye Anthony Johnson wa baadaye. Akina Antonio walikuwa wengi: kwenye daftari hilo hilo kuna mwingine kwa Kapteni William Tucker, pamoja na Isabell na mtoto wao William aliyebatizwa.

Karibu miaka 28 baadaye, Februari 1652/53, mahakama ya Northampton inasikiliza ombi la Anthony Johnson. Moto umemteketezea mali. Mahakama inawasamehe mkewe Mary na binti zao wawili kodi maisha yao yote. Na katika kutoa sababu, inaandika kwamba wamekuwa wakazi wa Virginia zaidi ya miaka thelathini. Toa 30 kwenye 1653, unapata 1623. "Zaidi ya" inakusogeza 1622, 1621. Meli mbili zinakubali. Jina la mke linakubali. Hapo ndipo watafiti wanaposimama kumtambua Antonio wa Bennett. Ni hoja nzuri, lakini ni hoja ya kuunganisha, na kwenye mti wako iandikwe hivyo: "yaelekea ndiye", kisha sababu zake.

#5 Binti Hesabu

Hapo hapo kwenye kodi pana kitu kingine. Kodi ya kichwa ya Virginia tangu 1643 iliwagusa wanaume wa miaka 16 na zaidi, na wanawake wa Kiafrika wa miaka 16 na zaidi. Mwanamke mweupe wa nyumbani hakulipiwa. Kwa hiyo kama binti wawili walikuwa wanadaiwa kodi Februari 1653, walizaliwa kabla ya 1637. Umri umepatikana bila daftari la ubatizo.

#6 Karani wa Zamu

Polepole, dada. Amri inasema wasamehewe kuanzia siku ile na kuendelea, maisha yao yote. Haisemi walikuwa tayari wanalipiwa. Baba anaweza kuwaombea binti wa miaka 12 na 14 kabla kodi haijawafikia. "Kabla ya 1637" ni uwezekano, usiuweke kwenye kisanduku cha mwaka wa kuzaliwa. Halafu angalia: binti hao hawatajwi majina. Ukikuta mti wenye majina yao, muulize mwenye mti ni karatasi gani iliyoyatoa.

#7 Binti Hesabu

Nimekubali kwa binti hao wawili, ila kanuni yenyewe wadau waishike, maana kwenye orodha halisi za kodi inafanya kazi sana. Kijana haonekani 1721, anaonekana 1722 chini ya jina la baba: ametimiza 16. Anahama kwenye mstari wa baba na kuwa na mstari wake: ameoa, amepata shamba, au baba amefariki. Jina la baba likitoweka na la mama likachukua nafasi ya mkuu wa kaya, nenda moja kwa moja kwenye mirathi ya mwaka huo. Na tangu 1723 wake wa wanaume huru wasio weupe nao walihesabiwa, ndiyo maana orodha za kodi ni dhahabu kwa familia huru za Kiafrika: zinataja wanawake ambao kwa familia nyeupe usingewaona.

#8 mgeni_wa_jukwaa

Wakuu, nimeona mtandaoni hati ya ardhi ya Anthony Johnson ya 1651 ina majina ya watu watano. Hao ni watoto wake?

#9 Mzee wa Faili

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Virginia ilitoa ekari 50 kwa kila kichwa kilicholipiwa nauli kuingia koloni. Johnson alipata ekari 250 Julai 1651, na 250 ni 50 mara 5, ndiyo maana kuna majina matano chini ya hati. Utaratibu huu una mashimo yafuatayo.

Tarehe ya hati si tarehe ya kufika. Haki ya ekari 50 ilikuwa inauzwa na kununuliwa kama hati ya deni, ikakaa mfukoni miaka kadhaa kabla ya kutumika. Aliyepewa ardhi si lazima ndiye aliyelipa nauli. Jina moja liliweza kudaiwa mara mbili, na nahodha na mfanyabiashara na mwenye shamba wote wakadai kichwa kile kile. Hata mkazi wa zamani aliyesafiri Uingereza akarudi aliweza kuhesabiwa upya.

Kwenye orodha ya Johnson yumo "Richard Johnson", na mwanawe mmoja aliitwa Richard. Inavutia kusema ni yeye. Lakini mtoto aliyezaliwa Virginia hakustahili kuwa kichwa, na Richard Johnson ni jina la kawaida mno kwa Kiingereza. Jina jingine limeandikwa kama "Jno. Gesorroro", ambalo wengine wanalisoma kuwa John Casor, yule aliyegombewa mahakamani 1655. Siri hiyo haifunguki kwa hati hii peke yake.

Watoto tunawapata kwingine: John alipata ekari 550 mwaka 1652 jirani na baba yake, Richard ekari 100 mwaka 1654. Ujirani ni dalili. Uthibitisho unakuja pale Anthony na Mary wanapohamia Maryland katikati ya miaka ya 1660: wanauza ekari 200 na kumwachia Richard 50. Huo ndio mstari unaobeba undugu, si orodha ya vichwa.

#10 Mpima Mstaafu

Kwa kuwa mmefika kwenye ekari, naomba niingie. Hati za mauzo zinaonesha ukoo kwa mipaka yake kuliko kwa maneno yake. Chora ramani.

Kipimo chao ni fito: fito 1 ni futi 16.5, kama mita 5.03. Mnyororo wa mpimaji ni fito 4, maili ni fito 320, ekari ni fito za mraba 160. Ekari 250 ni fito za mraba 40,000. Lingekuwa mraba kamili, kila upande ungekuwa fito 200, yaani kilomita moja na kidogo. Kwenye ramani ya kizio 1:24,000, zile za serikali ya Marekani zinazopakuliwa bure, upande huo ni sentimita 4.2. Chora kwa kizio hicho hicho kwenye karatasi ya kupitisha mwanga, kisha itelezeshe juu ya ramani ukitafuta kijito kinachokubali.

Hati inakwenda hivi: "kuanzia mwaloni mweupe, kaskazini nyuzi 40 mashariki fito 120, mpaka msonobari kwenye mpaka wa fulani." Kila mstari una mwelekeo na urefu. Zidisha urefu kwa kosaini ya pembe upate kaskazini/kusini, na kwa saini upate mashariki/magharibi. Ukijumlisha mistari yote, kaskazini itoe kusini na mashariki itoe magharibi, zote zibaki karibu na sifuri. Ikipishana fito tano sita, sawa, dira na mnyororo vya zama zile havikuwa zaidi ya hapo. Ikipishana fito 100, karani ameruka mstari wakati wa kunakili au ameandika kusini badala ya kaskazini. Badili kaskazini iwe kusini, au mashariki iwe magharibi, mstari mmoja mmoja, uone upi unafunga umbo. Kama hakuna, mstari unaokosekana ndio unaoziba pengo: pima pengo, utapata urefu na mwelekeo wake.

Umbo lote likionekana limezunguka nyuzi chache kulinganisha na vijito, usihangaike. Walipima kwa dira ya sumaku, na kaskazini ya sumaku inahama. Zungusha karatasi.

Faida: majirani. Watu waliooana, waliodhaminiana, walioshuhudiliana hati, walikaa kando ya kijito kimoja. Mashamba kumi ukiyaunganisha, utaona ni nani mwingine mwenye jina hilo hilo anayekaa maili 15 mbali, na huyo si wako. Hati za miaka ya 1650 zenyewe mara nyingi ni za jumla ("kusini imepakana na kijito"), basi chora ya jirani wa baadaye aliyepimwa vizuri, urudi nyuma.

#11 Karani wa Zamu

Mpima ameshusha nondo. Niongeze la ardhi iliyouzwa bila kununuliwa. Ukikuta mtu anauza ekari 100 na hakuna hati ya yeye kuzipata, kwa kawaida karithi au kaoa. Virginia ilimpa mtoto wa kiume wa kwanza ardhi yote ya baba asiyeacha wasia, mpaka sheria ilipobadilishwa 1785. Ndiyo maana kifungua mimba mara nyingi hayumo kwenye wasia wa baba: shamba tayari ni lake kwa sheria. Na anayeachiwa shilingi moja si lazima awe amelaaniwa, huenda alishakabidhiwa fungu lake.

Mke naye ana haki ya theluthi ya matumizi ya ardhi. Mume akiuza, mnunuzi makini alitaka mke aitwe mahakamani, aulizwe faragha bila mume kuwepo kama ameridhia. Soma ukurasa unaofuata hati na amri za mahakama za siku hiyo. Mara nyingi hapo ndipo pekee jina lake linapotokea.

Maneno ya undugu kwenye wasia msiyabebe kwa maana ya leo. Anayeitwa mkwe wa kiume anaweza kuwa mtoto wa kambo. Binamu anaweza kuwa mpwa. Yatima ni aliyefiwa na baba, mama yake yupo na pengine kaolewa tena. "Mkubwa" na "Mdogo" baada ya jina hutofautisha watu wawili wa eneo moja, wanaweza kuwa ami na mpwa au wasiwe ndugu kabisa. Mkubwa akifa, Mdogo anapanda cheo na aliye chini yake anakuwa Mdogo. Na mtoto aliyefikisha 14 aliruhusiwa kujichagulia mlezi mahakamani, kwa hiyo tofauti kati ya "alipangiwa mlezi" na "alijichagulia" inakupa umri.

#12 Mzee wa Faili

Msisahau mifugo. Kila mwenye ng'ombe alisajili alama ya masikio kwa karani: mkato ncha ya sikio la kushoto, ufa kwenye la kulia, na kadhalika. Alama ilirithiwa. Wazazi na babu walitoa ndama kwa hati, kwa sababu mali ya mtoto ilitakiwa ijulikane isichanganywe na ya baba wa kambo. Mary Johnson, akiwa mjane Maryland, aliwapa wajukuu wake ng'ombe kwa hati ya 1672. Vizazi viwili vimetajwa kwenye karatasi moja ya mifugo.

Na Maryland ina zawadi yake: mashamba yana majina. Kaunti ya Somerset ilianzishwa 1666, Anthony alipanga ekari 300 huko zilizoitwa Tonies Vineyard. Akafariki 1670. Agosti mwaka huo baraza la wazee wa mahakama huko Virginia likaamua ardhi yake ya zamani ichukuliwe, kwa hoja kwamba alikuwa Mwafrika na kwa hiyo mgeni. Dhuluma tupu, lakini kwa mtafiti hati hiyo ndiyo inayomfunga marehemu wa Maryland na mwenye shamba wa Virginia kuwa mtu mmoja. Kisha 1677 mjukuu wake John ananunua ekari 44 na kuziita Angola.

Kwa Maryland, basi, fuata jina la shamba kwenye orodha za kodi ya ardhi, si jina la mtu. Mtu huandikwa Johnson, Jonson, Johnston. Shamba linabaki na jina lake hata likipita mikono mitano. Orodha zipo Annapolis, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Maryland, na mashauri ya mwanzo ya Somerset (1665 mpaka 1668) yamechapishwa kwenye Archives of Maryland, juzuu la 54, bure mtandaoni.

#13 mgeni_wa_jukwaa

Angola! Kwa hiyo alitoka huko kweli? Na wa kwetu, pwani ya Afrika Mashariki, hawapo kabisa Virginia?

#14 Binti Hesabu

Jina la shamba ni dalili nzuri, na linakubaliana na historia ya meli: Waafrika "ishirini na ushei" walioshushwa Point Comfort Agosti 1619 walikuwa wameporwa kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda. Lakini shamba limepewa jina na mjukuu. Andika "familia ilijihusisha na Angola", usiandike kijiji.

Kutoka upande wetu wa bahari, kundi linaloonekana wazi ni la Madagaska: kati ya 1719 na 1721 meli kadhaa zilishusha mateka wa huko Virginia. Safari hizo zimo kwenye hazina ya SlaveVoyages, ila yenyewe ni orodha ya meli, na majina ya watu waliofika Virginia usiyatarajie humo.

Kwa aliyekuwa mtumwa wakati huo, unatafuta kupitia aliyemmiliki: wasia, orodha ya mali ya marehemu yenye jina moja na thamani kwa pauni, hati za zawadi kwa binti anayeolewa. Watoto walioletwa kutoka Afrika walipelekwa mahakamani kukadiriwa umri kwa ajili ya kodi, na kadirio limeandikwa kwenye amri. Tangu 1662 sheria ya Virginia ilimpa mtoto hali ya mama yake, kwa hiyo mlolongo unaoufuata ni wa mama, hata pale karani alipomtaja baba.

Vipimo vya vinasaba: vile vya kawaida vina nguvu vizazi vitano sita. Babu wa kizazi cha kumi amekuachia kwa wastani sehemu 1 kwa 1,024, na pengine hakuna kitu. Kwa umbali wa 1650 tumia kipimo cha mstari wa baba kwa baba au mama kwa mama, na hata hivyo kinathibitisha tawi, hakikutajii jina.

#15 mgeni_wa_jukwaa

Nimeelewa. Sasa nianzie tovuti ipi, na kama kaunti yangu imeungua?

#16 Karani wa Zamu

Fungua akaunti ya bure FamilySearch. Usianze na kisanduku cha majina, ingia kwenye katalogi, tafuta kwa mahali: Marekani, Virginia, kaunti. Baadhi ya filamu zinafunguka ukiwa kwenye kituo chao tu. Kuna pia utafutaji wa maandishi yote, ambapo kompyuta imesoma mwandiko wa mkono wa hati na mirathi. Tumia nyota kwa tahajia: Johns*n, Dr*g*s kwa akina Driggus, familia nyingine ya Kiafrika ya Northampton. Ikikataa, tafuta jina la jirani lisilo la kawaida. Mwandiko wa kabla ya 1700 inausoma vibaya, kwa hiyo kukosa jibu si ushahidi kwamba hakuna. Hati za ardhi za Virginia zenyewe zimo kwenye tovuti ya Maktaba ya Virginia, picha kamili, bure. Fungua picha, usitegemee muhtasari uliochapishwa, maana mihtasari mingi huacha baadhi ya maelezo.

Mwandiko: "ff" mwanzoni mwa jina ni F kubwa. "Jno" ni John, si Jonathan. "ye" ni "the". Namba za Kirumi humalizia kwa j, hivyo viij ni 8. Alama ya asiyejua kuandika inakili jinsi ilivyochorwa: wawili wa jina moja, mmoja anachora herufi A na mwingine msalaba, yaelekea ni watu wawili.

Kaunti iliyoungua: majalada ya kaunti nyingi za Virginia yaliteketea Richmond Aprili 1865, kwa sababu yalipelekwa huko yahifadhiwe wakati wa vita. Ardhi ya serikali ya koloni haikuwa humo, hati zake zipo. Kisha pekua kaunti jirani, kwa sababu mtu alishtaki kwenye kaunti ya mdaiwa, alinunua ng'ambo ya mto, alishuhudia wasia wa shemeji. Pitia daftari la wazee wa parokia, ambao kila baada ya miaka minne waligawa watu wa kuhakiki mipaka ya mashamba, majina kwa majirani. Na Maktaba ya Virginia ina mkusanyo maalumu wa nakala za kaunti zilizopoteza majalada, zilizookotwa kutoka kesi za mahakama nyingine. Taja kaunti yako hapa na muongo unaoutaka, tukuelekeze kwenye majirani zake.